Chumvi na Makaa kwenye Kiwanja cha Adélaïde

Jumamosi ile quincaillerie ya papa Aboubakar, duka la vifaa vya ujenzi pale Kadutu, ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Mafundi wanagombania misumari, mabati yanalia, wabebaji wanapiga kelele wapishwe. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Adélaïde, mshonaji wa nguo, kavaa libaya, blauzi ya kikwembe cha manjano aliyojishonea mwenyewe, na mkononi kashika rola ya waya mwembamba, ule wa bei ya chini kabisa.

"Samahani, maman," sauti ya mwanaume ikasema nyuma yake. "Ile waya iko ya redio. Weye uko najenga redio ao nyumba?"

Watu wakacheka. Adélaïde akageuka na jibu kali mdomoni. Mwanaume alikuwa mrefu, shati lake la buluu limepauka ila limepigwa pasi vizuri, penseli sikioni, na mwanya katikati ya meno.

"Na weye ni nani wa kuniuliza?"

"Cirhuza. Fundi wa umeme. Ukitia ile waya mu ukuta, siku moja itakuletea moto."

Loo! Neno la moto lilimchoma. Miaka mitatu nyuma, nyumba ya mbao aliyoachiwa na baba yake huko Cimpunda iliteketea kwa sababu ya waya zilizofungwa na mifuko ya plastiki. Hakufa mtu, lakini mashine yake ya kushona iliyeyuka, na picha zote za mama yake zikaenda. Sasa alikuwa anajenga ya matofali kwenye kiwanja kilekile, peke yake, kwa sindano yake, na alikwisha kuamua: balbu moja ya salon, yaani sebule, moja ya chumba, basi. Umeme alikuwa anauogopa kama nyoka.

"Sikiliza huyo kijana, mwanangu," akasema papa Aboubakar, mzee wa kutoka Uvira, akirekebisha kofia yake. "Kazi yake naijua. Ni mutu wa kweli."

Basi Jumatatu Cirhuza akapanda Cimpunda na kipande cha chaki. Kuta zilikuwa bado tupu, bila plasta, na huo ndio wakati wa kupanga, kwani plasta ikishapita, kila waya uliosahauliwa unadai nyundo. Adélaïde alingoja hotuba ya volti na nini sijui. Wapi! Mwanaume alimuuliza maisha yake.

"Asubuhi ukiamuka, unakanyaga wapi kwanza?"

"Hapa. Kwa nini?"

Akachora alama ya interrupteur, swichi ya taa, karibu na mlango. "Mashine ya kushona itakaa wapi?"

"Kwa dirisha."

"Unashikaka kitambaa na mukono gani?"

"Wa kuume."

"Basi lampe itoke kushoto. Ikitoka kuume, kivuli ya mukono yako itafunika sindano." Akachora. Jikoni akatenga waya mnene wa réchaud, jiko la umeme, peke yake. Nje akaweka taa juu ya ngazi, maana kilima cha Cimpunda mvua ikinyesha kinamtelezesha hata mbuzi.

Adélaïde alibaki anaitazama ile chaki. Tangu azaliwe hakuna mwanaume aliyewahi kumuuliza anashona kwa mkono gani. Moyo ukamwambia, Adé, kazi unayo.

Simu za Cirhuza zikaanza.

"Allô, patronne. Umekula?"

"Nimekula. Unaita juu ya chakula ao juu ya nyumba?"

"Juu ya nyumba, bwana! Ile lampe ya salon, unataka mwangaza mweupe ao wa manjano?"

"Tofauti iko nini?"

"Mweupe ni wa farmasi. Wa manjano unafanya mutu aonekane muzuri."

"Kumbe miye bila manjano siko muzuri?"

"Adé! Weye hata courant ikikatika, unaonekana."

Alicheka mpaka sindano ikamdunga kidole. Wiki ya pili Cirhuza akaanza kumuita chouchou, kipenzi, naye hakumkataza. Wiki ya tatu Adélaïde akamuachia ufunguo wa kiwanja.

Sasa sikia balaa lilivyoingia. Asubuhi moja ya Jumatano Cirhuza alifika saa kumi na mbili, kwa sababu mchana alikuwa na kazi nyingine Panzi. Shangazi Séraphine, dada ya marehemu baba yake Adélaïde, ambaye mlango wake unatazamana na kile kiwanja, alikuwa anarudi kutoka misa ya kwanza, rozari bado mkononi. Akamuona fundi kapiga magoti pembeni ya nyumba. Kachimba shimo. Anamwaga makaa meusi, anamwaga chumvi, tena makaa, tena chumvi, halafu maji, na midomo inatembea.

Mama wa watu hakufika hata kwake. Alishuka mbio mpaka atelier ya Adélaïde, chumba chake cha kushonea.

"Adé, ule mutu amekufunga!"

"Amenifunga nini, shangazi?"

"Makaa! Chumvi! Na iko nasema-sema peke yake! Tangu lini umeme inakulaka chumvi? Mwanamuke bila bwana akijenga, wanamuwekea dawa, wanamubeba na nyumba yake."

Mwanzoni Adélaïde alicheka. Shangazi alipoondoka, kicheko kikaisha. Akajihesabia: kwa wiki tatu chakula hakina ladha, simu ikilia moyo unaruka, ufunguo wenyewe ametoa bila shahidi. Je, kama hayo si mapenzi? Kama ni dawa? Aliogopa kweli, na kwa woga huo akaandika ujumbe: "Usirudi kwangu ila kuja kuondosha ile kitu ulizika."

Simu ikalia palepale.

"Adé, nilizika nini?"

"Weye ndiye unajua."

"Uko naamini miye ni mulozi?"

Mchawi! Neno lenyewe Adélaïde alikuwa hajalitamka. Alitaka kusema hapana, lakini hapana haikutoka.

"Sawa," akasema Cirhuza. "Ungeniuliza, ningekuonyesha. Kwa ile jina wanachomaka watu, Adé. Weye unajua." Akakata.

Mpaka jioni, kwa mdomo wa shangazi, avenue nzima, mtaa wote, ilikuwa na habari. Cirhuza alipokuja kuchukua vyombo vyake, vijana walikuwa wamejipanga barabarani wanamtazama bila salamu. Nyumba mbili zilizompa kazi pale karibu zikamwambia asirudi tena. Alishuka kilima kichwa chini, na Adélaïde alimuona kwa dirisha la atelier, asitoke.

Ijumaa akaenda kununua lampe peke yake.

"Na Cirhuza?" akauliza papa Aboubakar. "Terre yake imeisha?"

"Terre gani, papa?"

"Hajakuambia? Ni fimbo ya shaba inaingia mu udongo metre mbili. Pembeni yake wanajaza makaa na chumvi, udongo ushike maji. Radi ikipiga, ao waya ikiachia, umeme unashuka pale mu udongo, haupitie kwako. Chumvi miye ndiye nilimuuzia! Akanihesabia na tabaka: makaa moja, chumvi moja, mpaka sita. Aliniambia, papa, nyumba yake ya kwanza iliungua. Hii haitaungua."

Adélaïde akaelewa yote. Aibu ilimpanda toka miguuni. Kumbe ile midomo ilikuwa inahesabu tabaka! Akaacha lampe palepale, akatoka nje, akapiga simu mara tano. Haikushikwa. Mwishowe akaandika: "Jumapili kisha misa, kuja kwangu. Usipokuja nitafanya peke yangu."

Jumapili alipotoka misa hakubadilisha nguo. Alikuwa na kikwembe cha vipande vitatu, rangi ya damu ya mzee na maua ya dhahabu, kitambaa kichwani kimesimama kweli. Juu ya kitambaa hicho akaweka beseni ya makaa. Mkononi mfuko wa chumvi. Akapita katikati ya watu waliotoka kanisani, akiwaita kwa majina.

"Shangazi Séraphine, kuja! Nanyi vijana, kujeni muone dawa!"

Cirhuza, aliyepanga fimbo mbili, alikuwa ameacha shimo la pili wazi, fimbo yake ya shaba imesimama katikati. Adélaïde akapiga magoti kwenye udongo na zile nguo zake. Akawaelezea alivyoelezewa, neno kwa neno. Kisha akasema:

"Ule mutu alikuwa nanilinda, miye nikamutukana. Leo ni miye naweka. Mukitafuta mulozi wa hii avenue, muite jina yangu." Akamwaga chumvi.

Watu wakasogea karibu waone.

"Unaanza na makaa, patronne," sauti ikasema kutoka juu ya ngazi. "Chumvi inafuata."

Watu wakapasuka kicheko. Cirhuza akashuka, suruali ya Jumapili na yote, akapiga magoti kando yake.

"Nisamehe, Cirhuza. Niliogopa, sikukuuliza."

"Nilikasirika sana. Na bado iko nauma."

"Najua."

"Lakini uliniita, na nimekuja." Akachota makaa kwa mikono miwili, akajaza.

Shangazi Séraphine akakohoa. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini ulimi haukuacha kazi. "Na kwangu? Radi itapiga kwa Adé peke yake? Fundi, utanifanyia lini?"

"Kesho, shangazi," akajibu Cirhuza, akafuta mikono, akasimama wima mbele yake. "Lakini miye pia niko na neno. Kwenu, ng'ombe za mahari ni ngapi?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi akamtazama fundi, akatazama mashimo mawili, akatazama vijana wa avenue ambao sasa walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Zilikuwa sita," akasema polepole. "Moja nimeiondosha, juu ya kosa ya mudomo yangu."

"Kubali mbio, chouchou," akanong'ona Adélaïde, mikono myeusi mpaka viwiko, "kabla shangazi hajabadilisha mawazo."