Mende wa Siku Kumi na Mbili

Kila asubuhi kabla ya kengele nilipita jikoni shuleni kuhesabu mende. Shangazi yangu, mpishi, aliwatega kwa makopo yaliyopakwa mafuta ndani. Mimi, niliyeitwa Vidole kwa kuchapa haraka, niliingiza idadi kwenye kompyuta kwa programu niliyoitunga mwenyewe. Walinuka, ptu! Nilihesabu huku nimebana pua.

Bibi afya alikuwa amempa shangazi siku kumi na mbili. Mende wasipopungua, jiko lingefungwa na kibarua chake kingeota nyasi.

Siku ya mwisho nilifungua faili nisome idadi zote. Nilikuta mstari mmoja tu, wa asubuhi ile. Programu yangu ilifungua faili kwa kuandika upya, basi kila siku ilifuta yaliyokuwemo. Nilipaswa kuiamuru iongeze mwishoni. Nami sikuwahi hata siku moja kuisoma faili hiyo!

Nikatunga idadi kumi na moja, zikishuka vizuri.

Shangazi alipoziona alinikumbatia. "Umenitoa kimasomaso, mwanangu!"

Nilijionea kinyaa kuliko mende wote wa jiko lile.

"Shangazi, nimezitunga. Za kweli zimefutika."

Aliniachia kama aliyeshika kitu kilichooza. "Yaani ningempa bibi afya uongo kwa mkono wangu mwenyewe?" Kisha akavuta ndoo kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na makopo yenye vifuniko, kila moja na tarehe yake. "Sikuwatupa. Wakubwa hawaamini maneno matupu. Haya, hesabu! Anza na la kwanza, usiruke hata moja."

Nilihesabu. Wengine walikuwa wameshaoza, na mguu wa mmoja ulinasa kwenye ukucha wangu. Nilitapika mara mbili. Siku ya kwanza walikuwa hamsini na mmoja. Siku ya nne wakaruka hadi themanini na watatu, na siku ya mwisho walikuwa wanne.

Bibi afya alipofika, aliweka kidole kwenye themanini na tatu katika orodha yangu mpya. "Hapa pana nini?"

"Nilizibua mtaro siku hiyo," shangazi akajibu. "Walitoka wote."

Bibi afya akatia saini jiko liendelee, kisha akanigeukia. Shangazi alikuwa ameshamweleza kila kitu.

"Idadi zako za kutunga zilishuka vizuri mno, binti. Ningezitilia shaka na kulifunga jiko. Hiyo themanini na tatu mbaya ndiyo iliyonifanya niamini nyingine zote. Ukikosea, sema. Usipake rangi."