Misumari Iliyonyooshwa na Wawili

Kila asubuhi ya msimu wa mvua, kazi ya kwanza ya Alum ilikuwa kumwaga maji. Aliokota mabeseni matatu na sufuria moja kutoka sakafuni, akayamwaga nje, ndipo akavaa sare ya shule. Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko wa Mbuya, na paa lake la mapipa yaliyopondwa lilikuwa limeliwa na kutu.

Mwaka ule, 1975, kupata bati jipya Kampala halikuwa jambo dogo. Maduka mengi yalikuwa matupu. Watu walipanga foleni ya sukari na sabuni, na vifaa vya ujenzi viliuzwa kwa magendo. Ndiyo maana Ijumaa ile jioni, lori lilipopiga honi na baba yake, Mzee Olweny, akashuka akicheka, Alum alipiga kelele hadi majirani wakatoka.

"Mabati! Baba ameleta mabati!"

"Ishirini na manne!" alisema Baba. Alikuwa dereva katika kiwanda kimoja cha Bugolobi, na alikuwa amesubiri kibali cha kuyanunua kwa miezi minane. "Askari kwenye kizuizi wamesoma barua yangu mara tatu, nikadhani watayachukua. Lakini haya hapa! Jumapili rafiki yangu Kamis anakuja kuezeka."

Shida ilikuwa misumari. Hakuna duka lililokuwa nayo. Baba alikuwa amekusanya debe la misumari iliyopinda, iliyong'olewa kwenye masanduku ya kiwandani.

"Inyooshe kesho, mwanangu. Nitakulipa shilingi ishirini."

Shilingi ishirini! Papo hapo Alum aliziona raba nyeupe za kukimbilia kwenye mashindano ya shule.

Jumamosi alianza kugonga mapema. Kufikia saa nne alikuwa amejigonga vidole mara mbili, na debe lilikuwa bado limejaa. Akamwita Faridah, rafiki yake wa darasa la sita, aliyekaa nyumba ya pili.

Faridah alikuwa na mkono wa fundi. Aliulaza msumari juu ya jiwe, mgongo juu, akagonga mara mbili tu, ukanyooka! Kisha akasema, "Alum, tuokote vizibo vya soda! Kila msumari ukipita kwenye kizibo, maji hayataingia tunduni."

Wakakimbia barabarani wakishindana kuokota vizibo, wakarudi wakicheka, mifuko ya sketi imejaa. Jioni ilipofika, sehemu kubwa ya misumari ilikuwa tayari, na mingi ilikuwa kazi ya Faridah.

Baba alimlipa Alum pesa yote. Alum akatoka nje, akampa rafiki yake shilingi tatu.

"Baba yako amekupa ngapi?" Faridah aliuliza.

Alum alitazama pembeni. "Kidogo tu. Halafu wewe ni rafiki yangu, si kibarua."

Hapo hapo Baba akaita kutoka ndani: "Alum! Usizipoteze hizo shilingi ishirini!"

Faridah alizitazama sarafu tatu kiganjani. Akaziweka juu ya jiwe, akaenda zake.

Jumapili asubuhi Fundi Kamis alifika na ngazi yake. Yeye na Baba waling'oa paa la zamani, nyumba ikabaki wazi. Bati la kwanza lilipopanda, likimetameta juani, majirani walishangilia. La pili, la tatu, la kumi! Alum alirukaruka kwa furaha huku akipeleka misumari.

Saa tisa, wingu jeusi lilipanda kutoka upande wa ziwa. Na misumari iliyonyooka ikaisha, mabati saba yakiwa bado chini.

"Haraka, binti!" Kamis aliita. Alum aligonga mbio mbio, lakini misumari yake ilipinda tena juu ya mbao.

"Hii siyo kama ya kwanza," alisema Kamis. "Ile aliinyoosha nani?"

Alum aliweka nyundo chini. Vitanda, magodoro na unga wao vyote vilikuwa chini ya anga lile jeusi. Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa zile sarafu tatu juu ya jiwe. Akaingia ndani, akachukua pesa yake, akakimbia hadi kwa kina Faridah.

"Nimekudhulumu," alisema akihema. "Nililipwa ishirini. Kazi kubwa umefanya wewe. Chukua kumi na mbili. Hata usipokuja, hizi ni zako."

Faridah alizihesabu polepole. "Ungeniambia ni msaada wa bure, ningekusaidia bure," alisema. "Kilichoniuma ni kunificha." Kisha akatazama juu. "Mvua hiyo! Nyundo iko wapi?"

Wakateremka mbio. Faridah akagonga, Alum akatoboa vizibo, Baba akapandisha, Kamis akapigilia. Mawili! Matano! Matone ya kwanza yalipodondoka, bati la mwisho lilikaa mahali pake. Kamis akashuka, wote wakaingia ndani wakicheka, na mvua ikalipiga paa kama ngoma mia. Halikuvuja hata tone!

Alum hakuficha kitu. Alimweleza Baba yote. Baba akatoa mfukoni ujira wote wa Kamis, akamkabidhi mbele yao. Akasema jambo, lakini kishindo cha mvua kililimeza.

"Hatusikii, Baba!"

"Nimesema, mimi na Kamis tumekula sahani moja miaka kumi na mitano!" Baba alipaza sauti. "Ndiyo maana namlipa kabla jasho lake halijakauka! Urafiki si sababu ya kumpunja mtu. Usipomtendea haki rafiki yako, utamtendea nani?"

"Sema tena, ndugu yangu," Kamis alicheka, "Mbuya nzima isikie!"

Na Baba, mikono mdomoni kama tarumbeta, akarudia neno kwa neno, huku Alum na Faridah wakiitikia kwa sauti chini ya paa jipya.