Bei ya Kushikwa Mkono

Asubuhi ile Fundijicho aliinamia jicho la kulia la Mzee Chidawali, akatulia kama mtu anayesikiliza mlango. Kisha mikono yake, myembamba kuliko unywele, ikashuka kutoka darini, na nyuzi za mwanga zikaingia ndani ya mboni bila kugusa hata ukope. Mle ndani mtoto wa jicho aliyekuwa amelala miaka mingi, mweupe kama tui, akavunjwavunjwa na kufyonzwa. Mahali pake pakapandwa lenzi hai, iliyooteshwa kutokana na mate ya mzee mwenyewe. Shughuli yote ilichukua muda wa kuchemsha yai, na yai lenyewe lingetoka halijaiva vizuri.

Twilumba Mlowe, binti aliyekuwa mhandisi wa kituo kile cha Dodoma, alisimama pembeni na kishikwambi chake. Kazi yake ilikuwa kuitunza mashine hiyo, na alikwisha kuiona ikifanya hivyo mara nyingi kuliko alivyowahi kula wali. Hata hivyo kila mara alijikuta amebana pumzi, kama mwanafunzi aliyesimama mstarini akingoja matokeo yasomwe mbele ya shule nzima.

Mzee Chidawali akafumbua jicho. Akatazama dari. Akatazama viganja vyake, mbele na nyuma, akacheka. Kisha akageuza kichwa upande wa benchi la kusubiria, kama mtu anayetafuta wa kumwonyesha. Benchi lilikuwa tupu. Mzee alikuwa ameletwa na gari lisilo na dereva, akaongozwa hadi kitini na kikuku-sauti, ile bangili inayomnong'oneza asiyeona kwamba hapa pana ngazi na pale pana mlango. Akaishukuru bangili. Akaishukuru mashine. Akampa Twilumba mkono, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili kwa ajili ya jicho la kushoto, akaenda zake.

Juu ya kiti cha kila Fundijicho nchini palikuwa na kibao cha mwanga chenye bei ya saa hiyo. Bei haikupangwa na mtu. Ilipangwa na Mpimabei, akili unde iliyotazama vituo vyote kwa pamoja bila kupepesa, na wananchi waliiheshimu kama wanavyoheshimu radi. Dodoma, kuondolewa mtoto wa jicho kulikuwa sawa na gunia la viazi. Njombe, kwa mashine ileile na lenzi ileile, ilikuwa sawa na ng'ombe na ndama wake.

Kwa nini? Wataalamu, ambao hulipwa ili wasikose jibu, walikuwa na majibu. Wa kwanza alisema ni baridi: Fundijicho akisikia baridi hula umeme mwingi. Wa pili alisema ni milima. Wa tatu alifanya utafiti mrefu, akagundua kwamba Njombe ni ghali kwa sababu bei za Njombe ziko juu, akavishwa nishani.

Twilumba aliamini habari ya baridi. Alizaliwa Njombe, alikwisha kuoga maji ya bomba la huko alfajiri, na hakuona kwa nini mashine isilalamike. Lakini sasa jambo lilikuwa limeingia nyumbani. Bibi yake, Edeltruda, mama mzaa baba, ndiye aliyemlea tangu akinyonya kidole, naye alikuwa haoni tena hata moto wa jikoni kwake. Daktari wa huko alisema wazi kwamba mtoto wa jicho ameiva kupita kiasi. Akipasukia ndani, jicho litakufa, na hapo hata Fundijicho atasimama akitazama tu kama sisi wengine. Mvua zisianze kabla hajatibiwa.

Ukoo ulikaa kikao. Ng'ombe hakupatikana, wala ndama. Ndipo Twilumba alipompigia baba yake mdogo, Otmari, akamwambia amlete Bibi Dodoma. Gunia la viazi angelilipa yeye.

Alichosahau ni kwamba alikuwa anaongea na watu wa kwao. Kule mgonjwa hasindikizwi na mtu. Anasindikizwa na watu. Kumpeleka mgonjwa hospitali na msindikizaji mmoja ni kumtangazia kila mpita njia kwamba huyu hana kwao.

Basi wiki mbili baada ya Mzee Chidawali kutibiwa, treni ya sumaku ilipoingia Dodoma ikielea juu ya reli, kimya kama paka, ilimteremsha Bibi Edeltruda na ukoo wake. Walishuka na masweta yao katika jua lile, na machupa ya chai, na mablanketi, na ndoo ya viazi vya kuchemsha, na jogoo mmoja ambaye hakueleza amefuata nini. Wakaingia kituoni wakiamkia kila kitu, kikiwamo kikapu cha taka kinachojiendesha. Wakaketi. Benchi likajaa, wengine wakakaa sakafuni.

Twilumba alikuwa amemshika Bibi mkono kumpeleka kitini alipoinua macho. Kibao kilikuwa kinapanda. Kilipanda taratibu na kwa heshima, ngazi moja baada ya nyingine, kama kiranja anayepanda jukwaani. Kikapita gunia la viazi. Kikapita mbuzi. Kikawa kinamsogelea ndama.

Katika miaka yake yote pale hakuwahi kukiona kikisogea.

"Baba mdogo," alisema, "hebu toka nje mara moja."

Otmari akatoka. Kibao kikashuka ngazi moja.

"Rudi."

Akarudi, na bei ikarudi naye. Otmari, ambaye katika maisha yake hakuwahi kupewa amri tamu namna ile, alitoka na kuingia tena bila kuombwa, akishangaa uzito alionao serikalini. Kisha wakamtoa jogoo. Kibao kikatikisika kidogo tu, lakini kikashuka.

Twilumba akajiegemeza ukutani. Kanuni aliijua, walifundishwa siku ya kwanza ya kazi: penye watu wengi wanaosubiri, bei ipande, ili mapato yajenge kituo cha pili palepale. Ilikuwa kanuni nzuri, imetungwa na watu wazuri. Ila Mpimabei hakuona watu. Aliona joto la miili. Akili iliyoweza kuitazama nchi nzima kwa mpigo, iliyojua lenzi ipi inaota katika kituo kipi, ilikuwa haijawahi kuambiwa tofauti kati ya mgonjwa na baba mdogo wake.

Akakumbuka taarifa za Njombe, ambazo kila mwezi zilisema jambo lilelile: benchi limejaa, kiti kitupu. Wakubwa wake walisoma wakafurahi, wakasema huko mahitaji ni makubwa. Kumbe vipofu walikuwa wanakuja na jamaa zao, wanaitazama bei, wanarudi nyumbani. Mashine ilikuwa inamtoza asiyeona kwa sababu ameshikwa mkono.

"Mbona mmenyamaza?" Bibi Edeltruda aliuliza.

Twilumba akamweleza, taratibu, bila kuficha. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama.

"Kwa hiyo nikija peke yangu ni gunia la viazi."

"Ndiyo, Bibi."

"Na nisiyeona, peke yangu nafikaje?"

Twilumba alimwona tena akilini Mzee Chidawali akiligeukia benchi tupu kwa jicho lake jipya, akaona na wengine waliomtangulia, wazee wa mjini mmoja mmoja, wakishukuru bangili zao. Dodoma haikuwa na bei nafuu kwa sababu ya joto. Ilikuwa na bei nafuu kwa sababu wazee wake hawakuwa na wa kuwaleta.

Jambo la kufanya lilikuwa jepesi, na Otmari aliliona pia. Aliwainua watu wake, wakakusanya ndoo na machupa, wakavuka barabara na kwenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta wa jengo la ng'ambo. Kila mtu aliyetoka, kibao kikashuka. Mwisho kikatulia kwenye gunia la viazi.

Bibi alizisikia hatua zikiondoka. Mikono yake ikaanza kupapasa hewani.

"Wameniacha?"

"Wako ng'ambo tu, Bibi. Keti, bei imeshuka."

"Siketi." Alisema kwa upole, kama anayekataa kuongezewa ugali. "Sikuja huku kutibiwa kama mtu wa kuokotwa. Nirudisheni nyumbani, nitakaa na giza langu. Hilo nimeshalizoea."

Nje mawingu ya kwanza ya msimu yalikuwa yamekaa juu ya mji. Twilumba aliyaona kupitia kioo, akakumbuka onyo la daktari. Ndipo mkono wake ulipogusa beji iliyoning'inia kifuani. Wafanyakazi wa kituo walivaa beji ili vihisi visiwahesabu. Kwa Mpimabei, mwenye beji alikuwa hewa.

"Bibi, mimi sihesabiwi," alisema. "Mashine hainioni kabisa."

Bibi akafikiri. Ile tabasamu yake ya utani, ambayo Twilumba hakuiona tangu mwaka jana, ikaanza upande mmoja wa mdomo.

"Basi njoo, mke mwenzangu. Wewe usiyeonekana, umshike asiyeona."

Akaketi. Kibao kikalia mara moja na kufunga bei, kama ilivyo kawaida mgonjwa akishakaa. Fundijicho akainama, akatulia, akasikiliza. Nyuzi za mwanga zikashuka. Twilumba aliijua kila skrubu ya mikono ile, na bado alipoiona ikiingia katika jicho lililomlinda utotoni, akili yake ya uhandisi ilipiga magoti. Utando mweupe ukapasuka vipandevipande bila kumwaga hata tone, ukaondoka. Weusi wa mboni ukatokea chini yake, ukang'aa, ukamtazama.

Bibi Edeltruda alimkagua mjukuu wake kuanzia nywele hadi kidevu.

"Wanakupa chakula huku?" aliuliza. Kisha, kabla hajajibiwa, "Wako wapi?"

Twilumba akaenda mlangoni, akawapungia mkono. Wakaja wote kwa mkupuo, pamoja na jogoo, wakamzunguka, kila mmoja akitaka atambuliwe kwa jina, na Bibi akawataja, akamwambia Otmari kwamba sweta lake ni la aibu. Juu yao kibao, ambacho sasa kilihesabu bei ya mgonjwa atakayefuata, kilipanda kwa kasi, kikampita ndama, kikampita ng'ombe, kikawa chekundu, rangi ambayo Dodoma haikuwahi kuiona.

"Kile nini kinachowaka?" Bibi aliuliza.

"Ndivyo mashine inavyosema kwamba mko wengi."

Bibi akakitazama kwa muda mrefu, jinsi watu wanavyotazama fataki.

Katikati ya zogo hilo mlango ukafunguka. Alikuwa Mzee Chidawali, amefuata jicho la kushoto, bangili ikimnong'oneza mambo ambayo sasa hakuyahitaji. Alisimama akatazama watu, mablanketi, viazi. Akatazama kibao. Twilumba aliona haya. Akamwomba radhi, akaupungia ukoo mkono utoke upesi, bei ya mzee wa watu isiharibike. Walikuwa wamekwisha kuufahamu mchezo, wakajikusanya bila manung'uniko.

"Wote hawa ni wa kwako, mama?" Mzee alimuuliza Bibi Edeltruda wakipishana.

"Wote. Jogoo simjui."

Wakatoka mmoja mmoja, na kibao kikashuka ngazi moja moja. Otmari ndiye aliyebaki nyuma, chupa ya chai kwapani, mguu mmoja tayari nje, Mzee aliponyoosha mkono.

"Huyo abaki."

"Mzee wangu, akibaki utalipa zaidi," Twilumba alimwambia.

"Ninaona. Jicho la kwanza nililipata kwa bei rahisi sana, binti yangu." Akaketi kitini, akajinyoosha, akaligeuzia benchi uso. "Abaki."

Otmari akarudisha mguu ndani, akakaa katikati ya benchi, akafungua chupa na kumimina vikombe viwili. Kibao kikapanda ngazi moja, kikafunga.