Ubeti wa Tatu

Saa sita na nusu mchana, ukumbi wa maduka ukiwa umefurika watu, Fundi alitoka mbio kwenye duka la miwani, aproni imelowa maji ya mashine ya kusagia lenzi. Aliingia duka la jirani linalouza spika, akawapita wateja kwa kiwiko, akashika waya uliochomekwa ukutani na kuung'oa.

Muziki ukakatika. Watu wote wakageuka.

"We dada, vipi?" muuza spika akang'aka. "Nina wateja hapa!"

"Huu wimbo umeutoa wapi?"

"Si mwenyewe huyo hapo! Leo anapiga picha na mashabiki."

Fundi akageuza shingo, na pale karibu na kaunta, katikati ya wasichana watatu wenye simu mikononi, alisimama mwanaume ambaye hakuwa amemtia machoni kwa miaka mitatu. Shati jeupe lililonyooka, mikono imekunjwa hadi viwikoni, miwani nyeusi usoni. Nyuma yake limebandikwa bango kubwa: *Za Kabatini. Nyimbo kumi na nne ambazo hujawahi kuzisikia.* Mashabiki walimwita Msasa kwa sababu ya sauti yake ya kukwaruza. Fundi alikuwa amewahi kumwita mpenzi, na siku hiyo neno hilo lingemkwama kooni.

"Fundi wangu," Msasa alisema taratibu, akivua miwani.

"Koma. Mimi si wako. Wimbo ule unafanya nini humu?"

"Naomba tuzungumze pembeni."

"Pembeni! Wimbo umeutoa mbele ya watu, mazungumzo unayataka pembeni?"

Wasichana watatu waliinua simu zao juu kidogo. Msasa akawaashiria wazishushe, nao wakajifanya hawakumwona.

"Uliapa," Fundi alisema, na sauti ikaanza kumtetemeka kwa hasira. "Ulisimama mlangoni kwangu ukaapa kwamba wimbo ule hautatoka hata ukifa. Hujafa, nakuona umenenepa!"

"Ni kweli niliapa. Lakini mzee amekubali."

"Mzee gani?"

"Baba yako. Nilimfuata nikamwomba ruhusa, akanipa. Muulize."

Kuna hasira inayokupa maneno na kuna ile inayokunyang'anya. Fundi alimnyooshea kidole usoni.

"Na hiyo miwani yako imepinda," alisema, akaondoka.

Ili uelewe kwa nini damu ilimchemka namna ile, inabidi urudi miaka mitatu nyuma, kwenye ngazi za jengo anamoishi. Walikuwa wamekaa wakitafuna karanga, wamependana kiasi cha kuwaudhi majirani, na Msasa akauliza kwa nini hapendi kununua viatu. Fundi akamsimulia kitu ambacho hakuwa amemwambia binadamu yeyote. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba yake alitoka asubuhi na pesa za kumnunulia viatu vya shule, akarudi usiku amelewa chakari, na ndani ya boksi kulikuwa na kiatu kimoja tu. Cha kushoto. Cha pili kilidondoka anakojua Mungu. Pesa nyingine haikuwepo, kwa hiyo muhula mzima Fundi alikwenda shule na kiatu kipya mguu wa kushoto, na mguu wa kulia kiatu cha zamani kilichoachama mdomo. Watoto wakambatiza jina: Kushoto.

Msasa alimkumbatia. Mwezi uliofuata alimwita studio, akamkalisha kwenye kochi kama malkia, akabonyeza kitufe.

*Katoka asubuhi na pesa ya viatu vya binti,
karudi na kimoja, kingine kakiacha kwenye kiti.*

Alidhani anampa zawadi! Fundi alivumilia ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili ulipofika kwenye jina la Kushoto, aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka. Msasa alimfuata hadi nyumbani, akalia, akaapa kuufungia wimbo kabatini. Fundi alikipokea kiapo, kisha akamfungia mlango mwenye kiapo. Namba yake ya simu nayo akaifungia.

Sasa alirudi kwenye mashine, akashika lenzi ya mteja, ikavunjika mkononi. Mwenye duka alimtazama juu ya miwani yake.

"Mama, nenda nyumbani kabla hujanifilisi."

Alifika nyumbani saa tisa. Baba yake alikuwa anapiga pasi. Alifanya kazi ya ufundi wa lifti miaka thelathini, na tangu aache pombe, miaka minne sasa, mikono yake haikujua pa kukaa. Alipiga pasi mashati, mashuka, mapazia, mpaka vitambaa vya kufutia vyombo.

"Umerudi mapema, mama. Unaumwa?"

"Baba, Msasa alikuja hapa?"

Pasi ikasimama. "Alikuja. Mara mbili."

"Na hukuniambia."

"Nilijua utakasirika."

"Basi hesabu kwamba nimekasirika mara mbili!"

Mzee aliisimamisha pasi wima. "Mtoto wa watu alikuja kwa adabu. Alisema ana wimbo unaonivua nguo hadharani, na hawezi kuutoa mpaka mimi mwenyewe niridhie. Angefanya nini zaidi?"

"Wewe mwenyewe! Baba, kiatu kile alikivaa nani?"

Mzee aliinamia shati.

"Nakuuliza. Alikivaa nani?"

"Wewe."

"Watoto waliniita nani?"

"Kushoto," mzee alisema, kwa sauti ndogo.

"Kumbe unakumbuka. Ilikuwaje basi mkakaa wanaume wawili kwenye kochi langu, mkaombana ruhusa juu ya miguu yangu? Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimekufa?"

"Siku ya kwanza nilimfukuza, mwanangu. Nilimwambia nikimwona tena nitamwonyesha cha mtema kuni. Akarudi. Akaniomba nisikilize hadi mwisho. Ni mwisho ndio ulionibadilisha." Akachukua simu yake mezani. "Sikia mwenyewe."

"Siutaki."

"Sikia tu, mama. Huo ubeti wa tatu."

Fundi hakuwahi kuufikia ubeti wa tatu. Sauti ya Msasa ikajaa chumbani, safari hii ya upole, karibu inabembeleza.

*Leo binti ni mkubwa, moyo hauna tena kidonda,
kamshika baba mkono, kasema yaliyopita yamekwenda.*

Mzee aliifuatisha mistari kwa midomo, neno kwa neno. Alikuwa ameshaikariri. Macho yake yalilowa, na usoni mwake kulikuwa na furaha ambayo Fundi hakuwa ameiona tangu utotoni.

"Mimi hujawahi kuniambia," mzee alisema. "Nilikuwa nasubiri. Kijana alipokuja na huu, nikajua, aah, kumwambia baba ni vigumu, ila mwenzake amemwambia. Nikasema haidhuru. Ikiwa mwanangu amenisamehe, acha watu wote wajue nilichofanya. Sina tena cha kuficha."

Fundi hakuwahi kumwambia Msasa maneno hayo. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu hayakuwa kweli.

Aliingia bafuni, akafunga mlango, akafungua bomba la maji. Halafu akaitoa ile namba kifungoni na kupiga.

"Haloo? Fundi? Siamini ni we..."

"Nani alikuambia nimemsamehe?"

Msasa alisikika akifunga mlango.

"Nakuuliza, wewe mwanaume. Ubeti wa tatu. Nani alikuambia?"

"Hakuna," Msasa alisema. "Niliutunga. Wimbo ulikuwa mzito mno, ulihitaji mahali pa kupumulia."

"Ukachukua msamaha wangu ukaufanya mahali pa kupumulia."

"Nilikupenda. Nilitaka iwe hivyo."

"Ulitaka wewe! Na ulipomwona mzee anatokwa machozi hapa sebuleni, hukushtuka? Hukujua anachodhani?"

"Nilijua." Sauti ya kukwaruza ilikatika kidogo. "Niliona uso wake, Fundi, nikashindwa kumwambia. Kila siku nikasema kesho."

"Muoga mkubwa wewe. Umeniachia mimi kazi ya kumuua baba yangu. Nikinyamaza, naishi na uongo wako mpaka anaingia kaburini. Nikisema, nakuwa mimi niliyemnyang'anya. Umenifikiria hata kidogo?"

"Nifanye nini? Sema chochote, mpenzi."

"Ukiniita mpenzi tena nitaivunja hii simu. Njoo hapa. Sasa hivi. Utasema kwa mdomo wako, sebuleni, mimi nikiwa nakutazama."

Alikuja baada ya nusu saa, jasho linamtiririka, shati jeupe halitamaniki. Alisema shikamoo, mzee akaitikia kwa bashasha na kumvutia kiti. Msasa alibaki wima.

"Mzee, ubeti wa tatu niliutunga mimi. Binti yako hajawahi kuniambia hivyo. Nilipaswa kukueleza siku ile ile. Nilikuona umefurahi, nikaogopa."

Mzee alichomoa pasi ukutani, akauzungusha waya taratibu kwenye mpini, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu.

"Wiki tatu nausikiliza," alisema. "Asubuhi na jioni."

"Najua, mzee. Nisamehe."

"Usinitajie neno hilo!" Mzee alipiga meza kwa kiganja hadi pasi ikaruka. "Bora ungenitukana. Matusi nimeyazoea, najua pa kuyaweka. Wewe ulikuja nyumbani kwangu ukanipa kitu kisicho chako!" Kisha akamgeukia binti yake, na sauti ikashuka. "Na wewe, ungeniacha niendelee kuamini?"

"Nilitaka, baba. Nusu saa nzima nimekaa bafuni natafuta moyo wa kukuacha uamini. Nimeshindwa."

"Kwa hiyo hujanisamehe."

"Bado." Fundi alimtazama machoni. "Nakupikia, nakukumbusha dawa ya presha, nikichelewa kazini nawaza kama umekula. Lakini kiatu kile bado. Nikikikumbuka natamani kuvunja kitu."

Msasa alianza kujongea mlangoni.

"Wewe kaa!" baba na binti walisema kwa pamoja, naye akakaa.

Mzee alivuta kiti akakiweka mbele ya Fundi, akaketi, mikono juu ya magoti. "Miaka minne natembea kwa ncha za vidole humu ndani, nikisubiri unikasirikie. Unanipa chai, unaniuliza nimelalaje. Nimechoka na chai, mama. Nikasirikie. Zamani hata ungenipigia kelele nisingesikia, nilikuwa nimelewa. Leo nasikia."

Fundi akasema. Alianza kwa kiatu, kikavuta mengine ambayo hakuna wimbo uliowahi kuyagusa: mama yake aliyekuwa akificha mfuko wa unga chini ya kitanda, sikukuu ya shule ambayo alisimama jukwaani akitazama kiti kitupu, siku aliyomwona baba amelala kituo cha basi akapita na marafiki zake akijifanya hamjui, na jinsi alivyojichukia kwa kupita. Alisema akiwa amesimama, kisha akitembea, kisha akipiga kelele hasa. Jirani aligonga ukuta. Fundi naye akaugonga, kwa nguvu zaidi. Kila alichosema, mzee aliitikia, "Ndiyo." Hakujitetea hata mara moja. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

Msasa aliangalia sakafu muda wote. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anasikiliza kitu bila kutafuta vina.

Fundi alipoishiwa sauti, mzee alikwenda jikoni akarudi na glasi ya maji. Akampa. Fundi akanywa yote, akaifuta midomo kwa kiganja cha mkono.

"Yapo mengine?" mzee aliuliza.

"Yapo."

"Kesho basi. Leo koo limeisha." Akaingia chumbani kwake, akaufunga mlango taratibu.

Fundi alimtoa Msasa hadi kwenye ngazi. Jua la jioni lilipenya kwenye matofali yenye matundu, na mtu ghorofa ya chini alikuwa anakaanga vitunguu.

"Nitauondoa wimbo leo leo," Msasa alisema. "Wote. Ukipenda nitaondoa na nyingine kumi na tatu."

"Huuondoi." Fundi aliegemea ukuta. "Beti mbili za mwanzo ni za kweli, na watu wameshazisikia. Lakini wa tatu unaufuta. Mdundo uache uendelee peke yake mpaka mwisho."

"Mdundo mtupu? Mistari kumi na sita?"

"Mtupu."

"Watu watauliza kuna nini hapo."

"Waache waulize. Na wewe usiwajibu. Na siku ukiandika tena kitu kinachonihusu, hata kama ni rangi ya kitana changu, unakuja kuniuliza mimi. Mimi, siyo baba yangu."

"Nimekuelewa."

Alishuka ngazi mbili, akasita, akageuka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Fundi. Naomba nijue kitu kimoja tu. Mimi na wewe, tumeachana au tumegombana?"

Fundi alimtazama kuanzia viatu hadi utosi. Miaka mitatu yote jibu lilikuwa moja na alilijua. Jioni ile alilitafuta, hakuliona, na hilo nalo likamkera.

"Tumegombana."

Msasa akatabasamu.

"Usicheke! Nani kakuambia ni jambo la kuchekea? Nimesema tumegombana, na yangu mimi sijayaanza hata kidogo, leo nimemaliza sauti kwa baba. Kesho saa saba natoka kula. Uje dukani, ukae, unisikilize mpaka mwisho. Na ole wako uchelewe."