Kiota Juu ya Taa

"Hebu rudia. Ulikaa wapi ulipochora hii?"

"Benchi la nyuma, mpenzi. Mbona unanihoji kama polisi?" Mchoraji alicheka, akachomeka penseli sikioni.

Mchumba wake hakucheka. Mezani ulitandazwa mchoro wa kanisa watakalofungia ndoa Jumamosi: nguzo, matao na mabenchi, vyote vikizidi kuwa vidogo kadiri vilivyokaribia madhabahu. Ilikuwa zawadi ya harusi aliyoletewa. Machozi ya furaha yalishamlenga, hadi alipoiona taa kubwa inayoning'inia katikati.

"Aliyekaa benchini huiona taa kwa chini," alisema taratibu. Chuoni alisomea ramani za majengo. "Wewe umeichora kwa juu. Macho yako yalikuwa kwenye roshani ya kinanda, kule juu nyuma ya kanisa."

"Nilikisia tu, mama."

"Na hiki kiota cha ndege juu ya taa? Nacho ulikikisia?"

Mchoraji akakifunika kiota kwa kiganja.

Ufunguo wa roshani alikuwa nao mtu mmoja tu, mpiga kinanda. Na mpiga kinanda ni dada wa bibi harusi, tumbo moja, ziwa moja.

Akapiga simu, akaweka sauti ya nje. Moyoni alikuwa akiomba: dada, nikanushie.

"Abee, bibi harusi wetu!"

"Dada, samahani... mchoraji wangu aliwahi kupanda huko roshani?"

Dada akashusha sauti:

"Amekwambia?"

Neno moja tu! Akaiweka simu juu ya mchoro.

"Mdogo wangu? Haloo? Haki ya Mungu nilitaka kukwambia baada ya harusi..."

"Baada ya harusi!"

"Ni shetani tu alitupitia."

"Alipitia wapi, dada, na mlango mlifunga kwa ufunguo?"

Mchoraji akapiga magoti. "Nisamehe, mpenzi. Kadi zimeshagawiwa. Watu watasema nini?"

Bibi harusi akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Hata kusema "nakupenda" mwanamume huyu hakukumbuka. Alikumbuka kadi!

Akaisogeza simu mdomoni. Maneno yalinyooka.

"Dada, Jumamosi mtafute mtu mwingine wa kupiga kinanda."

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Bibi harusi hajipigii kinanda. Gauni nakuletea. Kiunoni utaliongeza mwenyewe."