Nati Niliyokatazwa Kuikaza

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mitatu, mkono mmoja, na watoto mapacha wasio na mama. Watakaonicheka na wacheke... nimezoea!

Mkono wangu wa kulia ulibaki Geita. Miaka ile ya sabini nilikuwa dereva wa lori la ushirika, nikaona wenzangu wanapata dhahabu, tamaa ikanishika, nikaacha kazi nikaingia shimoni. Jiwe likanisaga mkono, hospitali wakaukata kwenye kiwiko. Nilirudi kwetu Didia nikilia. Dereva wa mkono mmoja, nani atampa gari?

Mke wangu, Mama Kulwa, ndiye hakukata tamaa. Alinipeleka Kahama kwa mzee mmoja fundi wa vyuma. Mzee akachonga kirungu cha mninga, ukubwa wa yai la bata, akakifunga kwenye duara la usukani kwa kibanio cha chuma na nati moja. Unakishika kwa mkono uliobaki, unazungusha usukani wote bila kubadilisha mshiko. Ukitaka gia unaachia kidogo, kisha unarudi. Meneja wa ushirika akanijaribu nirudi kinyumenyume katikati ya mapipa... sikugusa hata moja! Nikarudishiwa lori langu, na Mama Kulwa akapiga vigelegele mbele za watu.

"Lakini ng'wanawane, mwanangu," mzee alinionya, "barabara zetu zinatikisa. Kila Jumamosi, kaza hiyo nati."

Nilikaza kila Jumamosi, mpaka alipokuja Lutema.

Lutema alikuwa dereva mwenzangu na rafiki yangu tangu ujana. Ndiye aliyeliendesha lori lile nilipokuwa Geita, akanyang'anywa niliporudi. Aliniambia wenye husuda wananisema, akaniletea hirizi aliyodai imetoka kwa mfumu, mganga mkubwa. Akaishonea mwenyewe ndani ya ngozi ya mbuzi, juu ya kile kibanio. Sharti lilikuwa moja: ngozi isifunguliwe mpaka msimu wa pamba uishe, la sivyo dawa itakufa. Mtu aliyekwisha kupoteza mkono atakataa kinga? Nikatupa spana chini ya kiti.

Wiki ya tano tulitoka Didia na pamba, Mama Kulwa kando yangu. Alikitazama kirungu, akasema, "Baba Kulwa, hiki kitu kinacheza. Simamisha gari ukikaze."

Nikamkemea! Nikamwambia afunge mdomo, wanawake hawajui mambo ya kinga. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake...

Kwenye kona ya kushuka mtoni, kirungu kiliteleza na mkono wangu. Nikadaka duara la usukani, kiganja kikateleza kwa jasho. Lori likalala ubavu, upande aliokaa yeye.

Mbele ya polisi Lutema aliikana hirizi. Alisema siku zote alikuwa akinionya kwamba kilema hafai kuendesha. Rafiki yangu! Matanga hayajaondolewa, lori lilikuwa mikononi mwake.

Askari alipoipasua ile ngozi, nilikuwa nimesimama hapo hapo nikimwomba Mungu nati iwe haipo. Isingekuwepo, ningejua Lutema ameiondoa, na dhambi ingekuwa yake. Ndani mlikuwa na majivu na majani makavu. Na nati ilikuwepo! Nzima kabisa, imelegea tu. Askari aliizungusha kwa vidole, ikarudi mahali pake.

Lutema nitamchukia mpaka naingia kaburini, sifichi. Lakini spana ilikuwa chini ya kiti changu mimi. Ndugu zangu, chombo kinachobeba watu wako kikague mwenyewe, hata akukataze nani. Na mkeo akikwambia kitu kinacheza, tafadhali, simama!

Watoto huniuliza mama yao alisema nini siku ile. Huwaambia alikuwa akiimba.