Kidole cha Lorine

Walisema kuna mama mmoja, mkazi wa Katito, aliyekwama kidole kikiwa kimejikunja. Akaenda hospitali, akarudi bila kidole. Jirani yangu Dorca ndiye aliyeniambia tukiparua samaki ufuoni. Habari hiyo ilinikaa kichwani, nikaisema nyumbani watoto wakisikia.

Sikujua kwamba kidole cha kati cha binti yangu Lorine, wa Gredi ya Sita, kilikuwa kimeanza kukwama. Kila jioni baada ya shule alinisaidia kuparua magamba, akikibana kisu kwa nguvu. Aliposikia habari ya Katito, akauficha mkono wiki tatu.

"Wewe, tangu lini unakula ugali kwa mkono wa kushoto?" nikamgombeza.

Akaangua kilio. "Mama, usinipeleke hospitali! Wakinikata, mtihani nitaandika na nini?"

Mimi nikaogopa kuliko yeye. Badala ya kumpeleka, nikamwita Dorca akinyooshe. Akakishika kidole, akakivuta. "Vumilia, mwanangu, si unataka kupona?" Kikalia ta! Lorine akapiga mayowe. Kesho yake kilikuwa kimevimba, hakigusiki, hata kalamu ilimshinda. Nililia nikijua ni mimi nimemharibia mwanangu mkono.

Mwalimu wake, Bwana Absalom, akaja mwenyewe. "Mama Lorine, mpeleke zahanati leo. Leo, si kesho."

Tulienda siku hiyo hiyo. Lorine alikuwa ameficha mkono kwapani.

"Hapa sina kisu," daktari akamwambia. "Kisu kiko kwenu, na ndicho kimekuumiza. Kano inayokunja kidole imechoka, imevimba, inakwama njiani."

Akakifunga kwa kipande cha plastiki ili kisijikunje. Wiki sita, hakuna kuparua, hakuna kukamua nguo. Kukikanda kwa maji ya vuguvugu, basi.

"Ungesema siku ya kwanza, usingeumia hivi," akamwambia Lorine. Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, mtoto husema akiwa haogopi."



Mtihani aliuandika, polepole. Kidole sasa kinanyooka, ingawa asubuhi nyingine bado ni kigumu, na moyo wangu unashtuka. Yule mama wa Katito nimemuulizia sana. Sijapata mtu aliyemwona.

Kwa hiyo:

Usivute kidole kilichokwama.
Usikichanje kwa wembe.
Usifungue plastiki kabla ya siku zake.
Usimwachie mtoto kisu cha magamba kila jioni.
Usifiche mkono unaouma.
Usiwatishe watoto kwa jambo ambalo hujaliona.